Kufuata Ndoto za Wachoraji: Kutoka Paris hadi Ostend

Jumatatu, Paris

Kwa miaka mingi nimewafundisha vijana historia ya sanaa, na kila tunapofika mwishoni mwa karne ya 19 hukutana na maelezo yale yale: kwamba wachoraji wa wakati ule walichoshwa na viwanda, sayansi na kamera, wakaikimbilia ndoto. Maelezo hayo hayajawahi kuniridhisha. Ndoto humjia mtu akiwa amelala na humtoka kabla hajanawa uso, ilhali picha ya rangi ya mafuta huchukua miezi, na pengine miaka. Nimekuja kuziangalia kazi zenyewe kwa karibu, pamoja na nyumba na mitaa zilikofanyiwa, ili nijue wachoraji hawa walikuwa wakifanya nini hasa walipoichora ndoto.

Nimeanzia katika nyumba namba 14 ya mtaa wa La Rochefoucauld, wilaya ya tisa, alikoishi Gustave Moreau, aliyezaliwa 1826 na kufariki 1898. Miaka michache kabla ya kifo chake aliifanyia nyumba ya familia ujenzi mkubwa ili iwe makumbusho ya kazi zake, kisha akaiusia serikali ya Ufaransa pamoja na vyote vilivyomo. Ilifunguliwa 1903, na msimamizi wake wa kwanza alikuwa mwanafunzi wake mwenyewe, mchoraji Georges Rouault. Vyumba alivyolala na kulia chakula ni vidogo na vimejaa picha, vyombo na kumbukumbu za watu aliowapenda. Ukipanda juu unaingia katika karakana kubwa zenye dari refu, ambako kuta zimefunikwa kwa turubai kutoka chini hadi juu, na ngazi ya chuma ya mzunguko inakupeleka ghorofa ya mwisho.

Mbele ya Jupiter na Semele, picha ya 1895, nimekaa muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Turubai yake imepita kimo cha mtu. Kisa ni cha kale: Semele, binti wa kibinadamu, alimwomba Jupiter ajidhihirishe kwake katika utukufu wake wote, na alipokubaliwa ombi lake akaungua kwa mwanga wa yule aliyempenda. Moreau amemketisha mungu huyo wima, macho yake yakitazama mbele bila kupepesa, na Semele mweupe amepinda mgongo juu ya paja lake, mdogo kama mtoto. Chini ya kiti cha enzi ameketi Mauti na upanga wake. Ukisimama mbali unaona wingi usiosomeka wa maua, mabawa, nguzo na vito. Ukisogea hadi karibu na kioo unagundua kwamba kila ua lina umbo lake lililofikiriwa, na kila kito kimewekewa nukta ya mwanga upande ule ule. Kazi ya namna hiyo haifanywi na mtu aliye usingizini.

Ushahidi zaidi uko katika makabati. Moreau aliagiza fremu zenye bawaba zinazofunguliwa moja baada ya nyingine, na ndani yake mna maelfu ya michoro yake. Nimefungua fremu moja nikakuta mkono wa mwanamke umechorwa mara kadhaa kwa penseli, kila mara kiwiko kikiwa kimeinuka kidogo tu zaidi. Alichora kutoka kwa watu waliomkalia, na alinakili nakshi za Misri, India na Andalusia kutoka vitabuni na magazetini, kwa kuwa nchi hizo hakuwahi kuzifikia. Alijiita fundi anayeunganisha ndoto, na neno la kushikwa hapo ni fundi. Katika turubai yake kubwa ya Tokeo, ambapo Salome ananyoosha kidole kuelekea kichwa cha Yohana Mbatizaji kinachoelea hewani kikitoa nuru, mistari myembamba ya nakshi imepita juu ya rangi bila kujazwa. Aliiongeza miaka mingi baada ya kuianza picha. Ndoto ya Salome alikuwa bado anaifanyia kazi akiwa mzee.

Jumanne, Paris

Leo nimekwenda Musée d'Orsay, stesheni ya treni iliyojengwa kwa ajili ya Maonyesho ya Dunia ya 1900 na kugeuzwa makumbusho 1986. Watu walikuwa wengi mno kwenye kumbi za waimpreshonisti. Nimezipita kwa haraka kumfuata Odilon Redon.

Redon alizaliwa Bordeaux 1840, mwaka uleule aliozaliwa Claude Monet. Waimpreshonisti aliwaheshimu, lakini aliona dari lao liko chini kidogo: walichora kilichofika jichoni wakaishia hapo. Yeye kwa sehemu kubwa ya maisha yake alifanya kazi kwa mkaa na kwa litografia, yaani chapa zinazotolewa kwenye jiwe, na kazi hizo aliziita kwa jina moja tu, nyeusi zake. Mfululizo wake wa kwanza wa chapa hizo, kurasa 10, ulitoka 1879 kwa jina linalomaanisha Ndani ya Ndoto. Miaka saba baadaye, tarehe 18 Septemba 1886, mshairi Jean Moréas alichapisha katika gazeti la Le Figaro ilani ya usimbolisti, yaani sanaa inayodokeza wazo kwa ishara badala ya kuieleza dunia ilivyo, na vijana waliomfuata wakamwona Redon kama mzee wao aliyekwisha kutangulia.

Wengi hudhani kwamba viumbe vya Redon, buibui wanaotabasamu, vichwa vinavyoota kwenye mashina, jicho linalopaa angani badala ya puto, vilitoka katika homa au kileo. Ukweli ni kwamba alilelewa kifikra na mtaalamu wa mimea wa Bordeaux, Armand Clavaud, aliyemfungulia ulimwengu wa hadubini na wa viumbe vidogo vilivyo mpakani mwa mnyama na mmea. Redon mwenyewe alieleza kwamba kabla ya kubuni alikuwa akichora kwa makini jani, jiwe au unyasi mmoja, na baada ya hapo ndipo alipohisi akili yake imefunguka kwa ajili ya kisichoonekana. Shabaha yake ilikuwa kuweka mantiki ya vitu vinavyoonekana katika utumishi wa visivyoonekana, na ndiyo maana kiumbe chake cha ajabu kabisa bado kinaonekana kana kwamba kinaweza kupumua.

Picha niliyoijia ni Macho Yaliyofumbwa, ya 1890. Ni ndogo. Kichwa na mabega vinatokeza juu ya maji matulivu, macho yamefungwa, na rangi ni nyepesi kiasi kwamba umbile la kilicho chini ya rangi linaonekana kwenye shavu. Miaka miwili kabla, Redon alikuwa ameandika kuhusu mtumwa wa Michelangelo aliyeko Louvre kwamba chini ya macho yake yaliyofumbwa mna kazi kubwa ya akili. Ninavyoona mimi, picha hii ndogo imebeba wazo hilo hilo: anayefumba macho hapa anafikiri. Baada ya hapo rangi zilimfungukia Redon. Karibu na picha hiyo zipo paneli ndefu za maua na matawi alizomchorea Baron Robert de Domecy kwa ajili ya chumba cha kulia mwaka 1900 na 1901, za manjano na kijivu cha waridi, na ni vigumu kuamini kwamba mkono ni ule ule uliokuwa ukishika mkaa.

Kabla ya kutoka nimesimama mbele ya Mchezesha Nyoka ya Henri Rousseau, ya 1907. Mto, mwezi, mtu mweusi anayepuliza filimbi, nyoka wanaoning'inia. Kuhusu picha hii nitaandika kesho, nikishaona ilikotoka.

Jumatano, Paris

Ilitoka katika bustani ya Jardin des Plantes. Rousseau alikuwa mtumishi wa ushuru wa bidhaa zinazoingia mjini Paris, na hakuwahi kutoka Ufaransa maisha yake yote, ingawa uvumi ulienea kwamba alikuwa amekwenda na jeshi Mexico. Misitu yake aliikuta hapa, ndani ya nyumba za kioo za mimea ya nchi za joto, na wanyama wake katika majengo ya jirani na katika kitabu cha picha za wanyamapori kilichouzwa na duka la Galeries Lafayette. Mwaka 1910 alimwambia mwandishi mmoja wa habari kwamba akiingia katika nyumba hizi za kioo na kuiona mimea ya nchi za mbali huhisi kana kwamba anaingia ndotoni. Mwaka huo huo alionyesha turubai yake kubwa, Ndoto, yenye mwanamke aliyejilaza kwenye kochi katikati ya msitu. Mwanzoni mwa Septemba alifariki.

Nimekulia chini ya milima ya Usambara, na msitu naujua. Humo mwanga hushuka kwa vipande kutoka juu, majani ya mbali huungana kuwa giza moja, na harufu ya udongo wenye unyevu hukupokea kabla ya kitu kingine. Katika picha za Rousseau hakuna giza linaloungana. Kila jani limekatwa ukingo wake peke yake, na mmea unaofika magotini umekuzwa ukawa mti. Leo asubuhi, nikiwa ndani ya joto la nyumba ya kioo, nimeelewa sababu yake: mimea hapa imepandwa mmoja mmoja, kila mmoja una kibao cha jina lake, na mtu huupitia kwa karibu, jani kwa jani. Hivyo ndivyo Rousseau alivyochora. Sitaki kumlaumu kwamba nchi zetu alizigeuza ndoto yake, kwa sababu hakudai kuzieleza. Alichokieleza kwa uaminifu mkubwa ni hamu ya mtu wa Paris aliyesimama mbele ya jani la ugenini.

Mchana nimerudi wilaya ya tisa, mtaa wa Fontaine, namba 42, alikoishi kuanzia 1922 mshairi André Breton, kiongozi wa wasurealisti, kundi la waandishi na wachoraji waliotaka sanaa itoke katika ndoto na akili isiyosimamiwa. Kutoka hapo hadi nyumba ya Moreau ni mwendo mfupi wa miguu, na ukaribu huo una maana yake: Breton alisimulia kwamba aliigundua makumbusho ya Moreau akiwa na miaka 16, na wanawake wa picha zile wakaathiri milele namna yake ya kupenda. Wasurealisti, waliojifanya wamevunja kila daraja la nyuma yao, waliacha mlango mmoja wazi, na mlango huo ulikuwa wa mtaa wa La Rochefoucauld.

Katika nyumba hii, kuanzia mwishoni mwa Septemba 1922, kundi la vijana lilianza kufanya vikao vya usingizi. Walikaa kuizunguka meza gizani, na mmoja wao akishapitiwa aliulizwa maswali na majibu yake yakaandikwa. René Crevel aliwaonyesha njia. Robert Desnos akawapita wote, akilala popote na wakati wowote, akisema mashairi na kuchora. Hapa ndipo dai langu la Jumatatu, kwamba ndoto hizi zilichorwa na watu walio macho, linapokutana na upinzani wa kweli, maana watu hawa walitaka mkono uliolala ufanye kazi wenyewe. Lakini jaribio lenyewe liliishaje? Kikao kimoja kilikaribia kuishia kwa watu kujinyonga, katika kingine Desnos, akiwa na kisu, alimkimbiza mshairi mwenzao Paul Éluard, na mapema 1923 Breton akavisimamisha vikao hivyo. Ilani yake ya Oktoba 1924 bado ilitangaza kwamba mawazo yaandikwe yanavyokuja, bila akili kuyasimamia. Wachoraji waliomfuata, hata hivyo, walitafuta njia ya kuanzia na si ya kumalizia. Mnamo Agosti 1925, katika hoteli ya pwani ya Pornic, mchoraji Max Ernst alivutiwa na mbao za sakafu zilizochakaa; akaziwekea karatasi na kuzisugua kwa penseli, na ndani ya nyuzi za mbao akaona misitu, ndege na bahari. Mbao zilimpa ajali, na jicho lake ndilo lililochagua ajali ipi ibaki.

Alhamisi, kutoka Paris hadi Brussels

Treni kutoka Gare du Nord huchukua chini ya saa moja na nusu. Njiani nimekuwa nikijiuliza juu ya Sigmund Freud, daktari wa Vienna aliyechunguza akili iliyofichika, ambaye vitabu humtaja haraka sana kama chanzo cha haya yote. Kitabu chake cha kufasiri ndoto kilitoka mwishoni mwa 1899, ingawa kilichapwa na tarehe ya mwaka 1900, na tafsiri ya Kifaransa ikafuata 1926. Moreau alikuwa amekwisha kufariki, na Redon alikuwa amezimaliza nyeusi zake. Wachoraji walifika kwanza. Breton alikwenda Vienna 1921 kumwona Freud na akarudi amevunjika moyo, na mwaka 1938, mchoraji msurealisti Salvador Dalí alipomtembelea mzee huyo London, Freud alisema kwamba katika picha za mabwana wa kale yeye hutafuta kilichofichika, ila katika picha za wasurealisti hutafuta kilichokusudiwa. Nadhani Freud alikuwa sahihi kabisa, na kwamba jambo hilo ni sifa yao.

Mchana, katika Makumbusho ya Kifalme ya Sanaa ya Brussels, nimeziona kazi za mchoraji Mbelgiji Fernand Khnopff. Picha yake ya 1896, ambayo jina lake ni Mibembelezo, ina kijana aliyesimama wima na kiumbe mwenye uso wa mwanamke anayemwegemezea shavu, macho yamefumbwa. Mwili wa kiumbe huyo mara nyingi huelezwa kuwa wa chui. Sivyo: madoa ni meusi yaliyojaa, si ya duara lenye uwazi kati, na miguu ni mirefu na myembamba. Ni duma, na amechorwa na mtu aliyemtazama duma vizuri. Khnopff alitumia kamera kumpiga picha dada yake Marguerite katika mavazi na mikao aliyoiamua mwenyewe, kisha akachora kwa kuzifuata picha hizo. Wale wanaosema kwamba wachoraji wa ndoto waliikimbia kamera wangepaswa kuanzia hapa. Katika nyumba yake, ambayo ilibomolewa zamani, alikuwa na madhabahu ya Hypnos, mungu wa usingizi wa Wagiriki. Aliyeitumikia madhabahu hiyo alikuwa mtu wa rula na lenzi.

Ijumaa, Jette

Nimefikia kwa shemeji yangu, anayefanya kazi hapa Brussels, naye amenisindikiza hadi Jette, kaskazini mwa mji, mtaa wa Esseghem namba 135. Mchoraji msurealisti René Magritte na mkewe Georgette walikaa ghorofa ya chini ya nyumba hii kuanzia 1930 hadi 1954. Ni nyumba ya kawaida sana ya matofali. Sebule ina rangi ya buluu na meko yenye kioo juu yake, na mtu anayeijua picha ya 1938 ambamo treni inatoka ndani ya meko hulitambua umbo lake papo hapo. Dirisha, ngazi, vitasa vya milango: vyote vimo katika picha zake.

Magritte alikuwa na kibanda uani kwa ajili ya kazi za matangazo zilizomlisha, lakini picha zake alizichora katika chumba cha kulia chakula, akiwa amevaa suti. Nimekiangalia chumba hicho kwa makini. Ni chembamba, kiunzi cha kuchoria kimesimama karibu na dirisha, na jiko liko hatua chache tu kando. Shemeji amenyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Kwa hiyo, shemeji, mkewe alikuwa anapika, na yeye hapa anachora treni motoni?" Nikamjibu kwamba ndivyo ilivyokuwa, na kwamba Magritte hakupenda watu wazifasiri picha zake kama ndoto za usiku, alisema kwamba kama ni ndoto, basi ni za kumwamsha mtu, si za kumlaza. Kabla ya hapo aliwahi kufanya kazi katika kiwanda cha karatasi za ukutani, na ulaini wa anga zake, usio na alama ya brashi, unafanana na mkono uliozoea kurudia umbo moja bila kosa. Mwaka 1923 hivi alionyeshwa nakala ya picha ya mchoraji Mwitalia Giorgio de Chirico ya 1914, Wimbo wa Mapenzi, yenye kichwa cha sanamu, glavu ya mpira na mpira wa kijani vikiwa pamoja mahali pamoja, akatokwa na machozi. De Chirico alimfundisha kwamba vitu vya kawaida vikiwekwa jirani kwa uamuzi wa makini vinatosha. Hakuna haja ya kubuni zimwi.

Jumamosi, Ostend

Treni hadi pwani huchukua saa moja na ushei. Nyumba ya mchoraji James Ensor, yenye duka la makombe na vinyago vya kanivali lililokuwa la mjomba wake, nimeipitia asubuhi. Ni nzuri, lakini Ensor ni mtu wa kelele na dhihaka, na safari hii si yake.

Niliyemjia ni Léon Spilliaert, aliyezaliwa hapa 1881, mwana wa mtengeneza manukato. Aliugua vidonda vya tumbo na kukosa usingizi, na usiku alitembea peke yake kwenye ukuta wa bahari. Jioni, mimi na shemeji tumeifuata njia hiyo hadi kwenye safu ndefu ya nguzo inayoitwa Galeries Royales, ambayo ameichora zaidi ya mara moja. Ilijengwa kati ya 1902 na 1906 kwa amri ya Mfalme Leopold II, katika miaka ile ambayo mapato ya Kongo, aliyoishika kama mali yake binafsi, yalikuwa yakigharamia fahari yake ya ujenzi. Kongo iliondolewa mikononi mwake 1908, na mwaka huo ndio Spilliaert alifanya kazi zake kuu. Hakuna dalili kwamba mchoraji alikusudia kuisema habari hiyo. Hata hivyo siwezi kuzitazama nguzo zile tupu katika michoro yake, zikielekea gizani bila mtu, nisiwakumbuke waliozilipia.

Nilikuwa na nakala za michoro yake mkononi, nikampa shemeji ile inayojionyesha yeye mwenyewe mbele ya kioo, macho yamedidimia, shati jeupe, na nyuma yake saa.

"Huyu alikuwa anaota, shemeji, au alikuwa mgonjwa?"

"Alikuwa mgonjwa, lakini hakuwa anaota. Alikuwa hawezi kulala."

Tumeendelea kuzilinganisha nakala na ukuta wenyewe hadi taa zilipowashwa. Mchoro wa 1908 wa ukuta wa bahari usiku, wenye miale ya taa iliyolala juu ya sakafu yenye maji, umefanywa kwa wino uliozimuliwa, tabaka juu ya tabaka. Wino wa namna hiyo ukishakauka haufutiki, na nyeupe ya taa haikupakwa: ni karatasi iliyoachwa. Ina maana kwamba kabla ya kugusa brashi, Spilliaert alikwisha kuamua kila taa itakaa wapi, mwale wake utafika wapi, na giza litaanzia kwenye hatua ya ngapi.